Wafu wa Hedwig: vitabu vinakumbuka sketi ya komanda, vinasahau wenye walikuwa wanatia kuni



Hadithi ya vita ya Ziwa Tanganyika inapendwa sana. Kila mara mtu akiirusha kwenye magrupu yetu, watu wanacheka. Waingereza walibeba mabato mawili madogo toka London mpaka Kalemie, wakayaita Mimi na Toutou (siyo "mimi" ya Kiswahili, ni sauti ya paka na ya mbwa kwa Kifaransa cha watoto), na komanda wao alikuwa anavaa sketi. Nani hawezi kucheka?

Leo nataka kuchambua namna hii hadithi inasimuliwa. Sisemi ni uongo, mambo mingi ndani yake ni kweli. Lakini tarehe 9 Februari 1916, kwenye ziwa letu, bato la kivita lilizama na kuna watu wenye walikufa ndani yake. Kati yao kuna Waafrika. Zaidi ya miaka 100 imepita, kuna riwaya, kuna filamu kubwa, kuna vitabu vya historia, na hao Waafrika hawana hata majina. Ninasema kosa haliko kwa vita peke yake. Liko pia kwa wasimulizi, na ndani ya wasimulizi niko natuhesabu na sisi wenyewe.

Kwanza mambo yenyewe kwa ufupi, kwa wenye hawayajui.

Mwaka 1914 upande wa mashariki wa ziwa ulikuwa wa Wajerumani, upande wetu ulikuwa wa Wabelgiji. Tarehe 22 Agosti 1914, bato la Wajerumani lenye jina Hedwig von Wissmann lilikuja kupiga bato la Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale kwenye mlango wa mto Lukuga, ndiyo kusema Kalemie ya leo. Tangu siku ile Wajerumani wakawa wenye ziwa. Walikuwa na Hedwig, walikuwa na Kingani yenye ni ndogo zaidi, na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, bato kubwa lenye lilitengenezwa Papenburg kule Ujerumani, likafunguliwa vipande vipande, likaletwa ndani ya masanduku mpaka Kigoma na kuungwa tena pale.

Waingereza wakamtuma Geoffrey Spicer-Simson na mabato mawili ya motere, kila moja futi 40 hivi. Safari yao inapita kwetu kabisa: toka Cape kwa treni mpaka Fungurume, halafu porini kupitia milima ya Mitumba mpaka Sankisia, halafu Bukama, halafu kwa maji ya Lualaba mpaka Kabalo, na treni tena mpaka Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani. Wakaitengeneza, wakaipa jina Fifi. Hedwig ilipotumwa kuja kuangalia Kingani imepotelea wapi, Fifi na Mimi wakaifukuza. Fifi ilikuwa nzito, Mimi ikakimbia mbele kuisumbua Hedwig, kuilazimisha igeuke ili ipigane. Mwishoni makombora ya Fifi yakaipata. Moja likaingia chumba cha mashine. Komanda wa Hedwig, Job Odebrecht, akaamuru watu waache bato, na bato likaenda chini.

Sasa tusimame hapo kidogo. Kombora liliingia chumba cha mashine. Ndani ya chumba cha mashine mule kulikuwa na nani?

Bato la mvuke la wakati ule lina watu wa juu na watu wa chini. Juu kuna komanda, kuna mtu wa usukani, kuna wenye mizinga. Chini kuna fundi wa mashine na wenye kutia kuni kwenye tanuru ili maji yachemke na bato liende. Bato likiwa linafukuzwa, komanda anaomba mwendo zaidi, na mwendo zaidi maana yake kuni zaidi, mikono zaidi, jasho zaidi kule chini. Hao wa chini hawaone adui. Wanasikia tu kelele. Hawajue kombora linatoka upande gani. Na likiingia, wao njo wa kwanza kufa, ju boila iko karibu nao na ngazi ya kutokea ni nyembamba. Kwenye mabato ya ziwa, kazi ile ya kutia kuni ilikuwa ya Waafrika.

Ukisoma masimulizi ya siku ile, fundi wa mashine wa Kizungu mwenye alikufa anatajwa kwa cheo chake. Waafrika wanatajwa kwa hesabu. Na hata hesabu haikubaliani: kuna masimulizi yenye yanasema wawili, kuna mengine yenye yanasema watano. Bendera ya kivita ya Hedwig yenye iliokotwa majini, kila mwandishi anaitaja kwa fahari. Bendera ni moja, hesabu yake iko sawa kwa wote. Watu, hapana.

Nikuje sasa kwa vitabu.

Kitabu chenye kinajulikana zaidi kwa siku hizi ni cha Giles Foden, Mimi and Toutou Go Forth, cha mwaka 2004. Foden ni mwandishi mzuri, tusimnyime haki yake. Anaandika ile safari ya porini vizuri, mpaka mtu wa Fungurume au wa Bukama anaweza kutambua vumbi la kwake. Anajua pia kwamba Spicer-Simson alikuwa mtu wa majivuno na uongo, na hamfunike. Lakini kitabu chote kimejengwa juu ya kicheko. Spicer na sketi yake, Spicer na michoro ya mwilini, Spicer na hadithi zake za kujisifu. Ukikimaliza, unamjua Spicer kama mjomba wako. Baharia wa chini ya Hedwig, unamjua kama moshi wenye ulipita.

Mtu atasema: ni kitabu cha kufurahisha, usikidai kitu chenye hakikuahidi. Nakubali. Ila kuna mahali kicheko chenyewe kinaharibu ukweli, na mahali hapo ni sisi wenye kusema Kiswahili tunaweza kupaona vizuri kuliko Mwingereza.

Masimulizi ya Waingereza yanasema watu wa Kalemie, Waholoholo, walimpa Spicer jina: Bwana Chifunga-Tumbo. Wanaongeza kwamba walimwona kama mungu, wakatengeneza hata sanamu zake. Jina lile linatafsiriwa kwa Kiingereza kwa heshima-heshima hivi, kama cheo cha mfalme wa kitambaa.

Wandugu, soma ile jina kwa sikio lako. Kifunga-tumbo ni kitu cha kufunga tumbo. Ni nguo. Mtu amemwona Mzungu na kitambaa kimezunguka tumbo, akamwita kwa kile kitambaa. Unaweza kumwita mungu "Bwana Mukaba"? Huku kwetu tunajua namna jina la utani linazaliwa. Walimu wetu walikuwa nayo, wakubwa wa kazi wako nayo mpaka leo, na "Bwana" mbele yake haiondoe kicheko, inakiongeza. Wakongo waliwapa Wazungu majina toka zamani. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na ile haikuwa sala. Mimi ninasoma Chifunga-Tumbo kama watu wenye walikuwa wanacheka chini ya mkono. Masimulizi yakafikiri wanaabudu.

Kwa nini hii inahusu wafu wa Hedwig? Ju inaonyesha namna Mwafrika amewekwa ndani ya ile hadithi yote. Kando ya ziwa ni mtu wa kushangaa. Njiani ni mtu wa kubeba. Ndani ya bato ni mtu wa kuhesabiwa. Hakuna mahali anakuwa mtu mwenye kuona na kuhukumu. Na mtu mwenye haone wala hahukumu, akifa, hakuna mwenye anauliza jina lake.

Kisha kuna filamu. The African Queen ilitoka mwaka 1951, John Huston akiongoza, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakicheza, na Bogart akapata Oscar yake kwa ile kazi. Sehemu ya filamu ilipigwa hapa kwetu, kwenye mto Ruiki upande wa Ubundu, na sehemu nyingine Uganda. Inatoka kwa riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, yenye ilichukua wazo la ile vita ya ziwa na kuibadilisha: mwanaume mmoja, mwanamke mmoja, bato moja bovu, na bato kubwa la Wajerumani lenye lazima lizamishwe.

Nilipenda kitu kimoja kwenye ile filamu. Inajua kazi ya boila. Charlie, fundi wa bato, anatia kuni, anapiga mateke mashine, anajichafua mafuta, anaumwa na wadudu. Ni filamu chache zenye zinaonyesha kwamba bato haliendi kwa ujasiri, linaenda kwa moto, na moto lazima mtu aulishe. Lakini angalia nani anapewa ile kazi. Kwenye riwaya, Charlie alikuwa na wafanyakazi Waafrika wawili, na wanakimbia mwanzoni kabisa, wanaposikia habari ya vita. Wanatoka ili hadithi ianze. Kwa maisha ya kweli ilikuwa kinyume: Mwafrika wa kutia kuni hakutoka. Alibaki chini mpaka kombora likamkuta.

Na mwisho wa filamu? Bato la Wajerumani linalipuka, Charlie na Rose wanaogelea kwenda zao kwa furaha. Watu kwenye sinema wanapiga mikono. Mabaharia wenye walikuwa ndani ya bato, kamera haiwarudie. Ninajua ni hadithi ya mapendo na ya kuchekesha, na mapendo yanataka mwisho mzuri. Ila kwa mtu wa Kalemie, wa Moba, wa Uvira, wa Baraka, mwenye anajua mtu kuzama ni nini, ile furaha ya dakika ya mwisho inakwama kwenye koo.

Tuangalie sasa mabato yenyewe, ju kuna jambo la ajabu. Mabato yote ya ile vita yana historia kamili. Kingani ikawa Fifi. Alexandre Delcommune ikatengenezwa, ikaitwa Vengeur, mlipiza kisasi. Graf von Götzen, Wajerumani walipokimbia Kigoma mwezi wa saba 1916, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mashine mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa. Wazee wetu wamepanda Liemba. Kuna watu Ulaya wenye wanasafiri mpaka Kigoma kwa ajili ya kuigusa tu. Hata majina ya mafundi wenye walikuja kuiunga yanajulikana: Anton Rüter na wenzake wawili.

Kwa hiyo usiniambie karatasi zilipotea. Karatasi za chuma hazikupotea. Karatasi za fundi wa Papenburg hazikupotea. Kitu chenye kinaandikwa ni kile chenye mwandishi anaona kina thamani, na yule wa kutia kuni alionekana kama sehemu ya kuni.

Hapa niruhusuni niseme kama mtu wa agronomia. Sisi tulifundishwa kwamba ukiona mavuno, usiulize tu mbegu, uliza nani alilima, nani alipalilia, maji yalitoka wapi. Nikisoma vita ya ziwa, naisoma vile. Bato la mvuke linakula pori. Kila safari inataka mti wenye umekatwa, umepasuliwa, umekaushwa, umepangwa kando ya maji. Watu wenye walikata ile miti ni wa vijiji vya kando ya ziwa, pande zote mbili. Mimi na Toutou zilivutwa kupita Mitumba na mashine za mvuke, na ng'ombe, na watu kwa mamia wenye walitengeneza barabara na madaraja kwa mikono. Masimulizi yanataja kwamba maji ya zile mashine yalipokwisha, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa vyungu kichwani. Hao wanawake nao, jina hata moja. Vita ya mabaharia ilikuwa vita ya wakulima wenye waliachishwa mashamba yao. Na mashamba yakiachwa, njaa inafuata. Ile hesabu haiko kwenye kitabu cha kufurahisha.

Ninajua neno lenye watu watanipinga nalo, na ni neno la nguvu, tulijibu vizuri. Watasema: hao wa Hedwig walikuwa upande wa Wajerumani. Walikuja kupiga Kalemie. Ni adui. Kwa nini Mkongo alie juu ya adui?

Jibu la kwanza: angalia Wazungu wenyewe walifanya nini. Kingani ilipokamatwa, komanda wake, Junge, alikuwa amekufa pamoja na wenzake. Alikuwa adui kamili, wa vita ile ile. Walimzika Kalemie kwa heshima za kijeshi. Jina lake liko kwenye kila kitabu. Kwa hiyo uadui haukuzuia mtu kukumbukwa. Kama uadui haukumzuia Junge, hauwezi kuwa sababu ya kumsahau mwenye alikuwa anatia kuni chini ya amri ya Wajerumani wale wale.

Jibu la pili: ule "upande" ulikuwa wa nani? Mpaka wa kati ya ziwa ulichorwa Ulaya. Watu wa Ujiji na watu wa Kalemie walikuwa wanavuka kwa mitumbwi kabla ya mpaka, wakioa, wakiuza chumvi na samaki. Mtu mwenye alitia kuni kwenye Hedwig angeweza kuwa shemeji wa mtu mwenye alibeba Mimi kule Mitumba. Vita ya wengine iliwaweka mmoja kwenye bato hili na mwingine kwenye kamba ya bato lile.

Na jibu la tatu: ukikumbuka tu wafu wa upande wenye ulishinda, unakumbuka ushindi. Wafu ni jambo lingine.

Kuna mwenye atasema tena: ni zamani, kila jeshi lilikuwa vile. Hapana, siyo kila mahali. Marekani, kwenye bandari ya Pearl Harbor, kuna jengo juu ya bato Arizona lenye lilizamishwa mwaka 1941. Ndani yake kuna ukuta wa marmari na majina ya wafu wote wa bato lile, 1,177. Jina la mpishi liko kwenye ukuta ule ule na jina la amirali. Ile ni kazi ya karatasi na ya nia, siyo muujiza. Na hata Waingereza wameanza kukubali deni lao. Mwezi wa nne 2021, Tume yao ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti yenye ilikiri kwamba wafu kwa uchache 116,000 wa Vita ya Kwanza, na labda mpaka 350,000, wengi wao toka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali yao ikaomba msamaha. Lakini angalia vizuri: ile tume inashughulika na wenye walikuwa upande wa Uingereza. Baharia Mwafrika wa Hedwig alikufa chini ya bendera ya Wajerumani, kwenye ziwa la Wabelgiji na Wajerumani, kwa kombora la Waingereza. Anaangukia katikati ya wote watatu. Hakuna ofisi yenye inamdai. Kama sisi wa kando ya ziwa hatumchukue, hakuna mwingine.

Sasa niseme kwa nini hii siyo hadithi ya wafu wa zamani tu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 bato Merdi lilizama kwenye Ziwa Kivu, likitoka Minova, likiwa limekaribia kufika Goma. Watu walikuwa kando wanaona. Siku zenye zilifuata, hesabu za abiria na za wafu zenye zilitangazwa hazikulingana. Familia zilizunguka na picha kwenye simu, zikiuliza. Hii siyo mara ya kwanza, na kila mtu wa ziwa, kama ni Kivu, kama ni Tanganyika, anaweza kutaja nyingine. Kila mara tunasikia neno lile lile: liste ya abiria haikukamilika, au haikukuwa. Mtu anapanda na gunia yake ya mihogo, analipa, haandikwe. Bato likifika, hakuna shida. Bato lisipofika, anakuwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kukisia.

Ndiyo desturi ile ile ya 1916. Mtu wa chini haandikwe. Tofauti ni kwamba mwaka 1916 kalamu ilikuwa ya mkoloni, na leo kalamu ni ya kwetu. Mtu mwenye anacheka kitabu cha Foden bila kuuliza majina, na mtu mwenye anapokea pesa ya tikiti bila kuandika jina, wote wawili wamekubali kwamba kuna watu wenye wanaweza kuzama bila alama. Siwalinganishe kwa uzito. Nawalinganisha kwa mazoea.

Basi nini ifanyike? Sipendi uchambuzi wenye unaishia kwa kulalamika, kwa hiyo naweka mambo matatu yenye yako ndani ya uwezo wa watu wenye walisoma.

Moja: wenzetu wa historia wako na kazi ya mwisho wa masomo imelala hapa. Hifadhi ya kijeshi ya Ujerumani iko Freiburg. Karatasi za koloni la Wabelgiji ziko Brussels. Mapadri Weupe wa Mpala na wa Kirungu walikuwa na sheria ya kuandika kitabu cha misheni kila siku, na hifadhi yao iko Roma. Mtu mwenye anajua Kiswahili na Kifaransa, na mwenye atajifunza Kijerumani kidogo, anaweza kutafuta orodha ya mishahara ya mabaharia wa Kigoma. Jeshi lenye linalipa watu linaandika nani analipwa. Kama jina liko mahali, liko pale.

Mbili: alama pale Kalemie. Siombe sanamu kubwa. Kibao tu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, karibu na bandari, chenye kinasema tarehe 9 Februari 1916, kinataja bato, na kinasema wazi kwamba mabaharia na watu wa kutia kuni Waafrika walikufa pamoja na Wajerumani, na majina yao bado yanatafutwa. Kuacha nafasi tupu kwenye kibao ni bora kuliko kutokuwa na kibao, ju nafasi tupu inauliza swali.

Tatu: wenye wako kwenye kazi za bandari, za manispaa, za mashirika ya usafiri, na kwenye chama chetu wako wengi, waikazanie liste ya abiria kama kazi ya heshima, siyo kama karatasi ya kutafutia pesa. Jina, kijiji, simu ya mtu wa nyumbani. Dakika moja kwa mtu mmoja. Jina lenye limeandikwa kabla ya safari halitegemee tena huruma ya mwandishi wa kesho.

Kitabu cha Foden kisomwe, mimi siseme kitupwe. Filamu iangaliwe, watoto waone Ruiki ya wakati ule. Lakini ukifika kwenye ukurasa wa 9 Februari, pale kombora linaingia chumba cha mashine na mwandishi anapita haraka kurudi kwa komanda, wewe usipite naye. Bakia chini kidogo. Kulikuwa na watu mule, na mama zao waliwapa majina.

Mwenye ana babu au bibi upande wa Mtowa, Mpala, Moba, ao ng'ambo kule Ujiji na Kigoma, na aliwahi kusikia nyumbani habari ya mtu mwenye "alienda na bato la Wajerumani asirudi", aandike hapa chini. Hata kama ni jina moja tu, hata kama ni jina la utani. Tutaanza na lile.